Kadi ya Namba Tisa

Mwalimu wenu wa utangazaji amenambia niwaandikieni uzoefu wangu. Uzoefu ni makosa mengi ya mtu mmoja, wanangu, na yangu yanatosha kujaza ukumbi mzima na watu wakasimama milangoni. Mengi ni ya kuchekesha. Moja si la kuchekesha, na hilo ndilo lililonikalisha kitako leo, maana miaka yote nikiambiwa "ami, tuandikie" nilikuwa nasema mkono unaniuma.

Mnijue kwanza. Naitwa Khalfan. Nna miaka mitatu ya skuli, Wete, na chuo cha Kurani mpaka nikahitimu. Huko ndiko nilikopata herufi, si kwengine. Maskati nimekuja kijana. Nimebeba saruji, nimebeba nyaya za kamera, na kutoka kwenye nyaya nikapanda mpaka kiti cha kushoto cha mtangazaji. Hapana mjomba aliyenipandisha. Kiti cha kulia ndicho chenye kipaza sauti. Cha kushoto ni cha mtu msiyemuona wala kumsikia, kazi yake kumpa mtangazaji majina: nani kaingia, nani katoka, nani kafunga, baba yake nani. Mpira wa kikapu unakwenda mbio, na watoto kumi wako uwanjani wote wamenyoa kichwa namna moja. Mtangazaji akigeuka kusoma orodha, mpira umeshaingia kikapuni na watu majumbani wanauliza, "Nani huyo?"

Basi kila jina mlilolisikia kwenye televisheni katika mashindano ya vyuo, miaka ishirini na kitu, limepita kwanza mkononi mwangu. Najigamba, ndiyo. Ngojeni.

Vifaa vyangu vilikuwa vitatu. Ubao mwepesi, ukubwa wa sinia ya halwa. Vibanio vya nguo kumi, vya mke wangu, ambavyo mpaka leo anavidai. Na trei ya mayai. Kila mchezaji nilimwandikia kadi. Watano wa huku na watano wa huku waliomo uwanjani nawabana ukingoni mwa ubao kwa vibanio, wa akiba wanalala chini. Mchezaji akitoka, kibanio kinahama. Trei ya mayai ni ya makosa: tundu moja mchezaji mmoja, akicheza vibaya natumbukiza kokwa ya tende. Zikifika tano, huyo anakwenda kukaa.

Mwaka mmoja wakaniletea kijana na kompyuta ya mkononi. Akaitazama trei yangu, akacheka.

"Ami, unauza mayai?"

Robo ya pili mtandao ukakatika. Akawa anagonga kioo kama anayebisha hodi kwa watu waliohama. Mtangazaji akanyosha shingo, akachungulia kwenye trei, akaendelea kutangaza. Nikamwambia yule kijana, "Kuku hawakatiki." Tende tulikula pamoja, kokwa akanisaidia kuzikosha.

Mengine ya haraka. Msile sambusa kabla ya kutangaza. Pilipili inakuja kudai katikati ya sentensi. Halwa ndiyo kabisa, inaganda kooni. Kunyweni maji ya uvuguvugu. Msikae karibu na ngoma za washangiliaji. Na mpira ukiwa hewani, fungeni midomo. Macho ya watu yanajua kutangaza kuliko nyinyi. Ukishaingia au ukishakataa, hapo semeni.

Haya nimefundishwa na Ustadh Bashir, Msudani, mtangazaji wa kwanza niliyekaa kushoto kwake. Mtu mrefu, mkali, suruali imenyooka kama rula. Siku ya kwanza nikampa namba na majina ya kwanza tu. Akafunika kipaza sauti kwa kiganja.

"Huyu Ahmed nani?"

"Ahmed, ustadh. Namba saba."

"Maahmed wako wangapi Oman? Nyumbani kuna mwanamke hajui kikapu wala kapu. Amewasha televisheni kusikia mwanawe akitajwa. Nipe baba. Nipe babu."

Toka siku hiyo kila kadi yangu ilikuwa na jina la mtoto, la baba na la babu. Nilikuwa nafika ukumbini mapema, naingia vyumba vya kubadilishia nguo, nauliza mmoja mmoja. Vijana wakiniona wananicheka: "Kaja mzee wa nasaba!" Lakini wanajibu, na kifua kinatoka mbele.

Kisha tukapata somo jengine. Ustadh Bashir alimtaja kijana mmoja na baba yake, vizuri, kamili. Keshoye mama wa kijana akatufuata, kajifunika vizuri, anazungumza polepole. Mumewe alikuwa amekufa, na arubaini yake haijatimia. "Mmemtaja mume wangu kama mtu aliyeko sokoni," alisema. "Hata rehema hamkumwombea." Ustadh Bashir, mkali yule, aliinamisha kichwa kama mtoto. Mama alipoondoka akanambia, "Khalfan, maiti hatajwi mtupu. Kadi yake andika marehemu, tena kwa wino mwekundu. Nikiona chekundu nitasema, hata nyumba ikiungua."

Ndiyo ikawa kanuni. Wino mweusi ni wa kusemwa ukipata nafasi. Mwekundu lazima usemwe. Ustadh Bashir akarudi kwao, kanuni nikabaki nayo mimi, na kila mtangazaji aliyekuja baada yake nilimfundisha.

Wa mwisho na bora wao alikuwa Nassor. Bibi yake wa Unguja, kwa hiyo tukizungumza Kiswahili huku yeye akitangaza kwa Kiarabu, akifunika kipaza sauti ni "ami, huyu vipi?", akifunua ni Kiarabu kama maji. Kijana wa shahada, lakini hana maringo nayo. Alinisikiliza. Nilimwambia, "Usinibishie mwekundu," na hakunibishia hata mara moja. Watu walimpenda kwa majina yale. Sokoni wanamsimamisha, "Nassor, nawe ulimtaja babu yangu!" Anawaambia, "Mshukuruni ami Khalfan." Wao hawamjui Khalfan ni nani. Mimi nasimama nyuma yake na mfuko wa samaki, roho nyeupe.

Sasa nisogee kwenye lenyewe.

Ilikuwa fainali ya vyuo, ukumbini Bawshar, Ijumaa baada ya alasiri. Namba tisa wa timu ya jezi nyekundu alikuwa Yakub, na Yakub ni mtoto wa mtaani kwetu Mabela. Baba yake, Seif, tukisali msikiti mmoja. Seif alikuwa hospitali wiki ya pili. Mama yake Seif, yaani bibi yake Yakub, ni Bi Zuwena, mtu wa Wete kama mimi, mshona kofia, mkono wake haujapata kutokea. Bi Zuwena alikuwa haikosi mechi ya mjukuu. Kiarabu cha televisheni kinampita kama upepo, lakini majina anayakamata. Anakaa na kofia yake na sindano, likipita jina la Yakub anainua uso.

Wakati wa mapumziko nikatoa simu nifute vumbi la macho, kama mnavyofanya nyinyi. Kundi la msikiti. Mtu wa familia kaandika: inna lillahi, Seif amefariki mchana huu. Nilikaa. Nikamtazama Yakub kwa mbali, anakunywa maji, hajui. Ami zake bila shaka wanamngojea mwisho wa mchezo. Nikasema, vizuri, wamefanya akili. Katika ukumbi sauti ya mtangazaji haisikiki. Inakwenda majumbani tu.

Nikatia simu mfukoni. Kanuni yangu mwenyewe: mpira ukianza, simu haitoki.

Na mkono ukafanya ulivyozoea. Nikachukua kadi ya namba tisa, nikachukua kalamu nyekundu, na juu ya jina la Seif nikaandika marehemu. Sikufikiri. Laiti ningefikiri ningesema nini? Nilimuona Seif ameshakuwa maiti na mimi sitaki atajwe mtupu. Niliona ninamheshimu. Nilitaka dua za nchi nzima zimfikie kabla hajaoshwa. Nassor alikuwa anazungumza na gari la matangazo, hedifoni masikioni. Sikumwambia kitu. Nikaibana kadi mahala pake.

Robo ya tatu, dakika za mwanzo, Yakub akarusha kutoka mbali. Mpira hewani, Nassor kimya, kama nilivyomfunza. Ukaingia. Nassor akageuza jicho kwenye ubao, akaona chekundu. Akasema jina lake kamili, Yakub mtoto wa marehemu Seif, na kwa adabu yake akaongeza Mungu amrehemu na amlaze pema, jina akalisema taratibu, wazi.

Kisha akafunika kipaza sauti, akanitazama.

"Ami, lini?"

"Leo."

"Leo saa ngapi?"

"Mchana huu."

Uso wake ukabadilika rangi. "Watu wake wanajua?"

Hapo ndipo nilipoitoa simu, nikaivunja kanuni yangu. Ujumbe wa kwanza ulikuwa umeshafutwa na aliyeutuma. Chini yake pameandikwa: *Jamani, tafadhalini msitangaze. Bi Zuwena hajaambiwa. Tunamngojea Hamad afike kutoka Sur amwambie mwenyewe.* Hamad ndiye mwanawe mkubwa.

Yaliyotokea nyumbani nimeyapata kwa mke wangu, ambaye alikuwemo. Wakwe na majirani walikuwa wamemzunguka Bi Zuwena tangu adhuhuri. Walikusanya simu zote wakazitia kwenye kabati la vyombo. Walifunga mlango wa nje. Anayelia anakwenda kulilia jikoni na bomba la maji limefunguliwa. Wakashauriana, bibi tumshughulishe na nini mpaka Hamad afike? Wakasema, tumwashie mpira. Katika nyumba nzima kitu walichokiona salama ni televisheni. Ni mimi na Nassor.

Bi Zuwena akainua uso. Sindano ikasimama.

"Kasema marehemu Seif."

"Kakosea, mama," mkwe mmoja akasema. "Watangazaji hawa wanakosea."

"Hakosei huyo," Bi Zuwena akasema. "Huyo anajua majina ya watu mpaka babu zao."

Akaiweka kofia chini, akawatazama mmoja mmoja. Na kila aliyemtazama aliangalia pembeni.

Nimeyaandika maneno yake kama mke wangu alivyonambia. Nimeishi nayo. Nyinyi mnafundishwa kwamba mtangazaji bora ni yule anayeaminiwa. Ni kweli. Sasa mjue na uzito wake.

Mpira ulikwisha, timu ya Yakub ikashinda, ami yake akamchukua kutoka kwenye vigelegele akamwingiza kwenye gari. Sisi tukaitwa na mkubwa wa gari la matangazo. Simu zilikuwa zimeanza kupigwa. Alisimama koridoni, simu mkononi.

"Nassor, nani kakwambia habari hii?"

Mimi nilikuwa nyuma ya Nassor, ubao kifuani. Kadi ya namba tisa nilikuwa nimeshaichomoa, imo mfukoni mwa kanzu.

"Nimeijua mwenyewe," Nassor akasema.

"Vipi?"

"Niliisikia. Nikadhani inajulikana. Kosa langu."

Yule bwana akanitazama mimi. "Na wewe, mzee?"

Nilifungua mdomo. Nassor akajibu kabla yangu: "Ami Khalfan hana habari."

Tulipobaki wawili nikamwambia, "Kwa nini?" Akaniambia, "Ami, wewe wakikutoa hapa huna pa kwenda. Mie nna shahada, nitakaa popote."

Mnajua kilichonipata? Sikushukuru. Nilikasirika. Mtoto mdogo ananambia sina pa kwenda, mimi niliyebeba saruji mpaka nikafika hapa! Nikajiambia, basi kama ana shahada yake, na imkinge. Hasira ile ndiyo niliyoifunikia woga wangu, na ilitosha kwa miaka. Mke wangu jioni ile aliniuliza, "Nani aliyempa Nassor habari?" Nikamwambia sijui. Hakuniuliza tena. Sijui kama aliniamini.

Nassor wakamwondoa kwenye michezo, wakampeleka kwenye chumba cha kanda za zamani, kazi yake kubandika lebo. Sauti ile ya kubandika lebo! Nami nikaendelea kukaa kushoto kwa mtangazaji mwengine, ambaye hakuwa na neno, mpaka nikastaafu. Wakanipa ngao ya kioo. Imeandikwa jina langu, la baba na la babu. Ipo sebuleni, na wageni wakiisifu mimi natazama dirishani.

Nilikuwa nakwenda kwa Bi Zuwena kila Idi. Ananipa mkono, ananitilia kahawa, ananambia, "Khalfan, mtu wa kwetu." Kila mwaka nasema mwaka huu nitamwambia, na kila mwaka narudi na kofia mpya aliyonishonea. Mwaka huu, kabla ya mfungo, Bi Zuwena akafariki.

Tulikaa tanzia kwenye sabla, ukumbi wa mtaa wa shughuli na misiba, wanaume tumejipanga ukutani. Yakub, sasa mtu mzima, mfanyakazi wa benki, ndiye aliyekuwa akigawa kahawa, dele, birika la kahawa, mkono wa kushoto na vikombe wa kulia. Nassor akaja. Akatoa pole, akakaa. Nywele zake zimeingia mvi. Yakub akaja mstarini, mmoja mmoja, mpaka akafika kwa Nassor. Nassor ameshanyosha mkono. Yakub akamruka, akampa wa pili yake.

Mnajua kwetu maana yake kurukwa kahawa mbele ya watu. Nassor akaushusha mkono polepole, akauweka juu ya goti, akajitia anasikiliza Kurani. Hakuniangalia. Angeniangalia angalau ningepata cha kumlaumu.

Nikainuka. Nikamwita Yakub nje, pale penye viatu.

"Labeka, ami."

Nikatoa kadi kwenye pochi. Miaka yote imo humo, imekunjika pembe. Akaisoma. Jina lake, jina la baba yake, la babu yake, wino mweusi. Na juu yake lile neno moja jekundu.

"Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu. Nassor alisoma alichoandikiwa."

Akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele. Watu wanaingia, wanavua viatu, wanatupa mkono, wanapita.

"Bibi alijua?"

"Hakujua. Sikumwambia."

"Alikuwa akisema," Yakub akasema, "'Nassor yule Mungu amsamehe, mie siwezi.' Mpaka wiki ya mwisho, ami. Amekwenda na neno hilo. Kwa mtu siye."

Nikainama, nikavipanga viatu vya watu.

"Na Nassor mwenyewe?"

"Anajua tangu siku ile. Alinifichia."

Akanirudishia kadi. "Yeye katukanwa mbele ya watu wote, ami. Wewe unakuja kunambia mie peke yangu, kwenye viatu."

Akaingia ndani. Nilimuona kutoka mlangoni. Alijaza kikombe, akenda moja kwa moja mpaka kwa Nassor, akainama, akampa. Nassor akanywa, hakutikisa kikombe kusema basi, akajaziwa, akanywa tena. Wazee wakatazamana. Mimi nikavaa viatu nikaenda zangu.

Kwa hivyo, wanangu, mkiandika kadi zenu, andikeni baba na babu, Ustadh Bashir alikuwa na haki. Lakini msiba una wenyewe. Waacheni wautangaze wao, hata kama mnaujua, hata kama dua ziko mdomoni. Ulizeni kwanza. Na mtu akikufichieni kosa lenu, msimwachie alibebe mpaka wenye kusamehe wafe.

Kabla sijamaliza kuandika nimempigia Yakub, amenipa ruhusa ya jina la bibi yake na la baba yake. Kisha nikampigia Nassor.

"Unaandika kweli, ami?"

"Naandika."

"Kwa wino gani?"

"Mweusi."

Akacheka, kile kicheko chake cha kufunika kipaza sauti.

"Jina langu," akasema, "litie mwekundu."

Basi mwalimu wenu akichapisha haya, namwomba mahali hapa atumie wino huo: Nassor bin Ali bin Khamis. Hakukosea. Kadi niliandika mimi. Baba yake, Ali, yu hai na mzima. Hilo nimeuliza kwanza.